NGUZO MLANGONI, GIZA NDANI

Hotuba ya Katibu Mwenezi wetu kijana, aliyoitoa kwenye mkutano wa tawi katika bonde la Kilombero.



Nimeombwa nizungumze juu ya umeme. Sikuja na maneno makubwa. Nimekuja na swali nililoulizwa jana jioni na bibi mmoja wa hapa hapa, nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama. Alinionyesha nguzo iliyo hatua kumi kutoka mlango wake, akasema: "Mjukuu wangu, mwasema kijiji kimepata umeme. Mbona mimi nalala na kibatari?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Usiku kucha nililifikiri swali lile, na leo nataka tulijibu sote pamoja.

Umeme wa kwanza katika nchi hii uliwashwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908. Uliwashwa kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wakubwa wao. Mwafrika aliutazama kwa mbali. Baada ya Uhuru tulijenga wenyewe. Wazee mlioko hapa mnakumbuka mitambo ya Kidatu ilipoanza kazi mwaka 1975. Maji ya Ruaha Mkuu, mto wetu huu, yakawasha taa na viwanda vya Dar es Salaam, na waya zikapita juu ya mashamba ya watu waliokuwa gizani. Hatukunung'unika sana, kwa maana viwanda vile vilikuwa vya taifa. Lakini deni ni deni.

Deni hilo limeanza kulipwa. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Kila anunuaye umeme hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya vijiji. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo awashapo taa yake, amechangia nguzo ya hapa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115, mara kumi na zaidi ya Kidatu yenye 204. Na Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa.

Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini tusijidanganye. Kijiji kufikiwa ni jambo moja, na nyumba kuwaka ni jambo jingine. Kijiji huhesabiwa kimefikiwa hata kama taa zinawaka shuleni, zahanati na madukani tu. Vitongoji vya nchi hii ni zaidi ya 64,000, na si vyote vilivyopata nguzo. Hata panapo nguzo, bibi yule bado yumo gizani. Kwa nini?

Si kwa sababu ya bei ya umeme wenyewe. Mimi ni mwalimu, niruhusuni nipige hesabu. Taa tatu ndogo za siku hizi, za wati 9 kila moja, zikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi mzima hazimalizi uniti 5. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, pamoja na kodi juu yake. Basi mwanga wa mwezi mzima haufiki bei ya lita moja ya mafuta ya taa!

Kinachomshinda bibi ni kizingiti cha mlangoni. Ada ya kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000. Juu yake kuna fundi, nyaya, swichi na soketi, na hapo gharama huipita ada yenyewe mara nyingi. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, mpunga ukivunwa; fundi ataka fedha yake leo.

Tena kuna vishoka. Mama yangu mzazi alitozwa na kishoka mmoja fedha ya mbuzi wawili, akaambiwa angoje wiki mbili. Aliyapata mwanga baada ya miaka mitatu, na kwa mkono wa mtu mwingine. Mimi nilisoma darasa la saba kwa kibatari, macho yakiwasha moshi, fedha ya taa ikiwa mfukoni mwa mwizi.

Sasa, kazi ya Chama ni nini? Kazi yetu haiishi kwa kupiga makofi siku nguzo inaposimikwa.

Kwanza, kila mwanachama aijue ada halali na amfundishe jirani yake. Malipo yafanywe kwa namba ya malipo ya Serikali, na risiti ishikwe. Anayetaka fedha mkononi, atajwe hadharani.

Pili, nyumba ya vyumba vichache haina haja ya nyaya nyumba nzima. Kiko kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kinachofungwa ukutani kikiwa na swichi na soketi zake. Tukiulizie, tukidai.

Tatu, tucheze upatu wa taa. Mnacheza upatu wa vyombo na wa harusi. Nyumba kumi zikichanga kila mwezi, kila mwezi nyumba moja itawaka. Atakayepata cherehani au mashine ya kukoboa na awe wa kwanza, kwa maana umeme wake utamrudishia fedha ya kuchangia wengine.

Nne, tuandike vitongoji visivyo na nguzo, kwa majina na idadi ya kaya, tuvipeleke kwa diwani wetu. Kiongozi hawezi kukataa asichoweza kukikanusha.

Mwezi Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaazimia kuwafikishia umeme watu milioni 300 kabla ya mwaka 2030 kumalizika. Barani mwetu wasio nao ni kama milioni 600. Hesabu hiyo ni kubwa mno kwa mkutano wowote, lakini yaweza kugawanywa. Fungu letu ni kijiji hiki.

Jumamosi, baada ya shamba, tukutane kwa Mwenyekiti tuandike orodha ya upatu. Jina la kwanza nimekwisha liandika. Ni la bibi.