BUSTANI KUBWA YA NYUMBANI: TUANZE MBELE YA MVUA

(Mazungumzo na wazazi siku ya kupima watoto)



Leo hatutasema juu ya sindano wala vidonge. Tutasema juu ya jembe. Pengine mutu atauliza: "Lopitali na jembe, ni mambo gani?" Ngojeni kidogo, mutaona.

Ninyi wote munajua mutoto mwenye bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi na kunyooka, ngozi inabanduka. Hataki kucheza, hataki kula, analia tu. Hapa hospitali tunamupa maziwa yaliyotengenezwa kwa ugonjwa huo, kidogo kidogo, halafu chakula kizuri. Kisha majuma machache uvimbe umekwisha, mutoto anacheka. Mama anafunga vitu vyake, wanarudi nyumbani. Na kule nyumbani kuna nini? Bugali leo, bugali kesho, na maji ya chumvi. Miezi inapita, mutoto yule yule anarudi kwetu, tena mara hii ni muzaifu kuliko mwanzo. Mutoto wa namna hii hakupona. Alipumzika tu.

Ndiyo sababu tunasema: dawa ya kumulinda mutoto inapaswa kuota karibu na mulango wa nyumba yake.

CHAKULA CHA NAMNA TATU

Mwili unataka chakula kinachotia nguvu: bugali, viazi, ndizi, mafuta. Unataka chakula kinachojenga: maharagi, soya, karanga, mayai, sambaza za ziwa. Tena unataka chakula kinachokinga: mboga na matunda. Majani ya rangi ya kijani nzito, kama lengalenga, sombe na matembele, yanasaidia macho na damu. Mutoto anayekosa vyakula hivi kwa muda murefu anaweza kushindwa kuona vizuri jioni, na mwisho anaweza kuwa kipofu.

Lakini musidanganyike: majani peke yake hayazuii bwaki. Kwa hiyo bustani yetu itakuwa na majani, tena itakuwa na maharagi na soya.

MUSINGOJE MVUA

Huku kwetu Kivu, milimani, kiangazi ni mwezi wa sita mupaka wa nane. Mvua inarudi mwezi wa kenda. Watu wengi wanangoja mvua inyeshe, ndipo wanatafuta jembe, ndipo wanauliza mbegu kwa jirani. Kazi ya mashamba ya mbali inawakuta hapohapo, na bustani inasahauliwa. Kwa hiyo kazi ya bustani inaanza wakati wa kiangazi, wakati mikono ina nafasi.

Kwanza, mahali. Chagueni karibu na nyumba, mahali jua linafika, na maji hayako mbali. Si chini ya migomba, wala karibu na mikaratusi, kwa sababu miti hiyo inakunywa maji yote. Si karibu na choo. Jengeni lupango muzuri. Mbuzi mumoja anaweza kumaliza kazi ya miezi miwili kwa asubuhi moja.

Pili, ukubwa. Kipande kidogo cha kuonyesha wageni hakilishi jamaa ya watu wanane. Pimeni metri 15 kwa metri 8. Hapo mutapata matuta 10, kila moja upana wa metri 1 na urefu wa metri 8, na njia ya nusu metri katikati. Kwa upana huo mukono unafika katikati ya tuta pasipo kukanyaga udongo.

Tatu, mbolea. Mwezi wa sita, kusanyeni majani makavu, majani mabichi, maganda ya ndizi na mavi ya mbuzi, ya sungura au ya kuku. Pangeni tabaka juu ya tabaka, mupaka urefu wa metri 1. Mwangieni maji, kisha mufunike kwa majani ya migomba. Chomekeni fimbo ndani. Kisha siku chache muitoe na kuishika: kama ni ya moto, kazi inaendelea, kama ni baridi na kavu, ongezeni maji. Geuzeni fungu kila kisha majuma matatu. Mwezi wa kenda itakuwa nyeusi na yenye harufu ya udongo wa pori. Musitie mavi ya watu, yanaleta minyoo. Na musichome majani mutakayolima. Kuchoma majani ni kuchoma chakula.

KULIMA NA KUPANGA MATUTA

Baba, hapa tunasema na wewe. Kulima kwa nguvu si kazi ya mama mwenye mimba, wala ya mama mwenye mutoto mugongoni. Udongo unapaswa kufunguliwa kina cha sentimetri 30, mizizi ya majani mabaya itolewe. Kama ni kwenye mulima, matuta yakate mulima, yasishuke pamoja nao. Juu ya bustani chimbeni mufereji, na pembeni yake mupande matete, maji ya mvua yasichukue udongo wenu. Inueni kila tuta sentimetri 15 au 20, na juu yake muchanganye vikapo viwili au vitatu vya mbolea.

Mwezi wa nane, tayarisheni kitalu kidogo karibu na maji. Hapo mutapanda mbegu za shu, nyanya na kitunguu, kwa mistari. Jengeni paa fupi la majani ya migomba juu yake, na mumwangie asubuhi na jioni. Shu na nyanya zinahamishwa kisha majuma manne au matano. Kitunguu kinangoja majuma sita mupaka nane. Hamisheni jioni, wakati jua limepunguka.

MATUTA KUMI

Tuta 1 na 2: lengalenga. Mbegu yake ni ndogo sana, muichanganye na muchanga. Pandeni nusu ya tuta leo, nusu ingine kisha majuma mawili, na hivyo hivyo, mboga zisiishe mara moja. Kisha majuma matatu au manne munaanza kuchuma.
Tuta 3: matembele. Vipande vya sentimetri 30, vilazwe nusu ndani ya udongo.
Tuta 4 na 5: maharagi, mistari ikiachana sentimetri 40.
Tuta 6: soya.
Tuta 7: shu, sentimetri 50 kati ya moja na ingine.
Tuta 8: karoti. Hii haihamishwi. Ikiota kwa wingi, ngoeni zingine.
Tuta 9: nyanya, kila moja na muti wake wa kuegemea.
Tuta 10: kitunguu.

Kando ya lupango: maboga, na mipaipai miwili mitatu.

Musimu unaofuata, mwezi wa pili au wa tatu, badilisheni mahali. Pale palipokuwa nyanya musirudishe nyanya, wala biringanya, wala pilipili, wala viazi vya kizungu. Ni jamaa moja, na magonjwa yao ni mamoja. Wekeni maharagi pale.

Wengine watasema: "Hatuna feza ya mbegu." Mbegu ya shu, ndiyo, inauzwa. Lakini lengalenga, maharagi, nyanya na maboga, acheni mimea mizuri michache ikomae, mukaushe mbegu zake na kuziweka mahali pakavu. Musimulie jirani kwamba munazo. Mbegu zikitembea kijiji kizima, watoto wa kijiji kizima watakula.

CHUNGU MBELE YA SOKO

Hapa ndipo bustani nyingi zinakufa. Shu zinakuwa nzuri, karoti nzuri, na zote zinakwenda sokoni. Feza inarudi, inanunua bugali, pengine inanunua pombe. Mutoto amelala karibu na bustani na anakula maji ya chumvi. Kuuza si vibaya. Daftari za masomo zinataka feza. Lakini tufanye sheria nyumbani: kwanza chungu, kisha soko. Matuta ya lengalenga, ya matembele, ya maharagi na ya soya ni ya chungu. Baba na mama wapatane juu ya neno hili mbele ya kupanda, si siku ya kuvuna.

Na kupika: osheni mboga kwanza, kisha mukate. Pikeni kwa maji kidogo na kwa muda mufupi, na ule muchuzi musiumwange. Sombe peke yake ni mbali: inatwangwa sana na kuchemshwa muda murefu, kwa sababu mbichi ina sumu. Soya nayo ipikwe mupaka iive kabisa. Tieni mafuta ya mawese kidogo. Mafuta yanasaidia mwili kupokea nguvu ya mboga. Mutoto wa miezi sita, ambaye mbele alinyonya tu, sasa apewe mboga na maharagi yaliyopondwa sana pamoja na uji, na aendelee kunyonya.

KUMBUKA

1. Mbolea inaanza mwezi wa sita, kitalu mwezi wa nane, matuta mwezi wa kenda.
2. Bustani ya kulisha ni matuta 10, si mawili.
3. Pandeni kidogo kidogo, kila juma muwe na kitu cha kuchuma.
4. Kwanza chungu, kisha soko.

Juma hili, kila jamaa ipime mahali pake na ianze fungu la mbolea. Mwezi ujao mukirudi kupima watoto, tutapima kilo, kisha tutauliza kila baba na kila mama: fimbo ndani ya mbolea yenu, ni ya moto ao ni ya baridi?