Dai Karatasi Kabla ya Kushika Koleo!

Vijana wenzangu wa Manzese, Buguruni na Tandale,

Kila kukicha mnasaka kazi. Ukiipata, bosi anakwambia: "Anza tu, mambo ya mkataba baadaye." Hiyo baadaye ndiyo inayowaliza wengi!

Sikilizeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe maandishi siku unapoanza: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Siyo hisani, ni haki. Asiyeguswa ni anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Mkifikishana kwenye sheria na bosi hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake, si wako.

Umetimiza miezi 6 kazini, anakutimua bila sababu? Usikae kijiweni kulalama. Una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo tunza kitambulisho, barua, hata vikaratasi vya malipo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana, jasho lako ndilo mali yako. Liandikishe!