Siku ya kufukuza kwale
Maneno ya timu ya tereni katika mkutano wa wanachama, Mapendo, Goma



Mulitutuma tuje kueleza habari ya mbegu: zilifika ngapi, nani alizipata, mashamba gani yalipandwa. Ripoti iko kwa komite, kila mwanachama anaweza kuisoma. Leo tunaomba kuzungumza juu ya siku moja tu, ju siku ile kuna kosa letu ndani, na kuna pesa yenu ndani.

Kwa ninyi muliotoka Rugari, Kibumba na Kisigari, hatuna la kuwafundisha juu ya kwale. Inkware, kama wazee wa Bwisha wanavyomwita, ni ndege wa kutembea. Anaishi mu majani, anakula chini, na hapendi kuruka kama miguu ingali inamutosha. Ukipanda mahindi na maharagi leo, kesho asubuhi amekwisha kufuata mustari wako, anafukua mbegu moja moja. Ndiyo sababu watu wanamufukuza mwanzoni mwa sezoni A, mvua ya Septemba ikisha kuanguka mara ya kwanza. Siku hiyo wanalinda mbegu, na jioni wanakula nyama. Kwa familia iliyorudi bila kuku hata mmoja, nyama hiyo si kitu kidogo.

Mwaka ule majani yalikuwa mengi kupita kawaida. Vita vilipofika Rugari na Kibumba mwishoni mwa 2022, watu walishuka Kanyaruchinya, wengine wakaenda mpaka Bulengo na Lushagala. Mwanzoni mwa 2025 kambi zikaisha, watu wakapanda tena kwao. Wakakuta shamba limekuwa pori. Matete yanapita kichwa cha mtu, na ndani yake kwale wamezaa bila kusumbuliwa na mtu.

Tulifika katika kijiji kimoja upande wa Rugari siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mbegu zetu juu ya chukudu tatu, ju gari haikuweza kupita. Tukakuta watu wamekwisha kujipanga. Wazee walituambia: "Mbegu zenu zingoje kwanza. Leo ni kwale."

Namna wanavyofanya ni hii. Kwale akikimbizwa polepole, anakimbia kwa miguu. Akistuka, anaruka chini chini na kuteremka. Basi nyavu zinawekwa upande wa chini wa shamba, kimo cha kiuno, na watu wanaanzia juu. Wanasimama mustari mumoja, hatua tano kati ya mtu na mtu, wanapiga majani kwa fimbo na kuteremka pamoja. Mbwa wana kengele mu shingo, ili wenye kushika nyavu wasikie wamefika wapi. Mustari ukivunjika, kwale wanapita katikati na kurudi nyuma, kazi yote imekufa. Kwa hiyo kuna mzee mmoja mwenye firimbi: akipiga mara moja munatembea, akipiga mara mbili munasimama.

Tuseme ukweli pia juu ya nyavu. Zilikuwa ni vyandarua vya mbu tulivyogawa sisi wenyewe kule kambini, vimeshonwa viwili viwili. Tuliangalia, tukanyamaza. Mzee aliona macho yetu, akacheka: "Musiogope, vya kulalia viko ndani ya nyumba."

Na tuseme ukweli juu ya sheria. Sheria namba 82-002 ya 28 Mei 1982 inasema uwindaji una ruhusa yake na majira yake ya kufungwa na kufunguliwa. Ndani ya Parke ya Virunga, ambayo iko tangu 1925, hakuna uwindaji hata siku moja, hata wa ndege. Wazee walijua hayo. Kabla ya kuanza walionyesha vijana mpaka wa Parke uko wapi, na wakasema mwenye kuvuka atajibu mwenyewe. Kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu alionyesha ni ile fasi ambapo askari walikuwa wamekaa.

Mustari ulikuwa na watu ishirini na sita. Tulihesabu, ju tulikuwa na daftari mu mikono. Kati yao kumi na mmoja walikuwa watoto, na wadogo wao walikuwa na miaka kama nane au tisa. Watu wazima wengi walikuwa chini, kwa nyavu, ju kushika kwale mwenye nguvu kunataka mkono wa mtu mzima. Kutembea mu majani ni kazi ya watoto. Ni hivyo tangu zamani, na watoto wenyewe wanaipenda kupita sikukuu.

Mmoja wetu alisoma kwamba kule Uingereza pia matajiri wanawinda kwale wao hivyo hivyo: msimu unafunguliwa tarehe 1 Septemba, wenye bunduki wanasimama fasi yao, na watu wengine wanalipwa kutembea mu majani ili ndege waruke. Tulikuwa tunalizungumza hilo huku tunacheka. Kumbe ni jambo la kuangalia vizuri. Kote kule, anayetembea mu majani si yule anayengojea mwishoni. Lakini majani yao hayakulaliwa na vita.

Mara ya kwanza walishuka vizuri, wakapata kwale saba. Mara ya pili walianzia juu zaidi, karibu na mikaratusi. Hawajafika hata nusu, mtoto mmoja wa kiume akasimama. Hakulia, hakukimbia. Alisema tu: "Papa, kuna chuma."

Yule mzee alipiga firimbi mara mbili. Watu wakasimama, isipokuwa mbwa. Mbwa waliendelea kuzunguka na kengele zao, na tunawaambia, ndugu zetu, ile sauti ya kengele hatutaisahau. Mzee akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Mutu asitembee. Kila mutu aangalie miguu yake. Murudi kwa alama ya mguu wenyewe muliyoacha, mumoja mumoja, batoto kwanza." Ilichukua karibu dakika arobaini watu wote kutoka. Hakuna aliyeumia. Tulifunga kitambaa chekundu ku mti wa mbali, tukapigia simu wenye kazi ya kutegua mabomu, na chifu akakataza watu kupita.

Yule mtoto aliponea kwa sababu moja. Kule Kanyaruchinya, mama mmoja wa chama hiki alikuwa anafundisha watoto chini ya hema: ukiona chuma usichokijua, simama, usiguse, usitupe jiwe, rudi njia uliyopitia, ita mtu mkubwa. Somo lile lilikuwa halina bajeti. Mama yule yuko kati yenu leo, na ametukataza kutaja jina lake.

Sasa kosa letu. Jioni ile wazee walikaa kubishana. Mmoja alisema waendelee kesho kwa upande mwingine, ju kwale watamaliza mbegu. Mwingine akajibu kwamba hata mbegu zenyewe hazitapandwa pale. Halafu wakatugeukia sisi. Mama mmoja akauliza: "Ni ninyi mulisema tupande mbele ya mwisho wa Septemba, ama sivyo hatutapata mbegu tena. Mulituuliza udongo uko namna gani?"

Hatukuuliza. Fomu yetu ilikuwa na sanduku la ukubwa wa shamba, la aina ya mbegu, la namba ya simu. Haikuwa na swali la nani alilala mu shamba hilo wakati wenyewe hawapo. Tuliharakisha watu waingie katika majani, tena watoto mbele, ili sisi tumalize mbegu katika tarehe iliyoandikwa na ofisi. Tunaomba radhi kwa hilo, na tunaomba mbele yenu wote.

Baada ya siku kumi na sita timu ya kutegua ilifika. Ilichukua kile chuma, na kingine kimoja hatua chache kutoka pale. Upande wa chini uliruhusiwa, watu wakapanda wakiwa wamechelewa. Upande wa juu bado una alama nyekundu. Familia tisa ziko na mashamba yao pale. Mbegu zao tumezirudisha mu depo, hazikuuzwa, hazikupewa mtu mwingine.

Tunaomba mambo matatu.

La kwanza ni kwenu wanachama. Kabla ya kugawa mbegu za sezoni B, kila kijiji kikae na wamama wanaotafuta kuni na vijana wanaochunga mbuzi. Hao wanajua fasi gani kulikuwa mashimo ya askari, fasi gani mnyama alikufa bila ugonjwa. Tuchore karatasi moja ya kijiji, ibaki kwa chifu, nakala ije hapa Mapendo.

La pili ni kwa wazazi. Kufukuza kwale hatukatazi, wala hatuna nguvu ya kukataza. Lakini watoto wabaki kwa nyavu, nyuma ya watu wazima, na mustari usishuke katika majani ambayo hayajatembelewa na mtu tangu kurudi. Kwale mmoja ni sufuria ya usiku mumoja.

La tatu ni kwenu wafadhili. Pesa ya mbegu za familia tisa inatakiwa kutumika kabla ya mwaka kuisha. Tunaomba muiruhusu ingojee mpaka Februari. Tukilazimishwa kuimaliza sasa, tutaimaliza, na ripoti itakuwa nzuri, lakini watu watasukumwa tena mu majani. Kwa wakati huu likelemba ya Mapendo imekubali kuwapa hao tisa unga na maharagi kwa mkopo bila faida. Sanduku la likelemba si kubwa, munalijua ninyi wenyewe.

Wale kwale saba walipikwa usiku ule ule. Watu walikuwa wengi, kila mtu alipata kipande cha kuonja tu. Yule mtoto walimpa paja zima. Alilikata vipande viwili, kimoja akampelekea mzee wa firimbi.

 Maswali yako kwa komite, na tuko tayari kuyajibu.