Chini ya Mbawa Zake



Katika siku hizi za furaha twahesabu miaka ambayo Mungu ametulinda. Lakini yafaa tujiulize: sisi tuliolindwa tu watu wa namna gani? Maana kama angaliwalinda wasio na dhambi tu, pasingalikuwa na mtu wa kuadhimisha sikukuu hii.

Bwana wetu alipoulilia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake. Jambo hili sote tumeliona uani. Mwewe akizunguka juu, kuku huwaita wanawe na kukunjua mbawa. Kifaranga kilichopotea majanini hakiulizi kwanza kwa nini kilikwenda mbali; hukiita pamoja na wenziwe. Walakini kisichokuja hubaki nje, na hiyo ndiyo huzuni ya Bwana.

Wengi wenu mmefika Unguja, mkaliona kanisa kuu la Mkunazini. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kuyafunga masoko hayo, na siku ya Noeli mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere akaisimamia kazi ya kujenga. Naye alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Wazee wamepokezana habari kwamba altare yenyewe yasimama pale uliposimama mti wa kuwafungia watu na kuwapiga.

Tusimuliapo habari hii, husema: Mungu aliwahurumia waliouzwa. Ndivyo, na hilo ndilo la kwanza. Lakini mwanafunzi aweza kumwuliza mwalimu: Je, na yule aliyeuza? Kristo alikufa kwa ajili yake pia? Swali hili ni gumu, nasi tusilikimbie.

Palikuwa na baharia Mwingereza, jina lake John Newton, aliyezaliwa London mwaka 1725. Alikuwa mtu wa matusi na kudhihaki dini. Mwaka 1748 dhoruba kuu iliipiga merikebu yake, maji yakaingia, naye akamlilia Mungu, akaokoka. Basi, je, aliacha uovu siku ile? La! Baadaye alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, akawachukua watu wa Afrika ya Magharibi katika minyororo, hata mwaka 1754 ugonjwa ulipomtoa baharini. Mwaka 1764 akawa kasisi. Na mwaka 1788, akiwa mzee, aliandika kitabu cha kuufunua uovu wa biashara ile, akikiri mbele ya watu wote kwamba yeye mwenyewe aliifanya, na kwamba aibu yake haitamwondoka. Alifariki mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku.

Tazameni saburi ya Mungu: miaka arobaini tangu kilio cha dhoruba hata ungamo lile! Lakini tazameni pia kwamba rehema haikumwacha astarehe. Haikumwambia, Dhambi yako si kitu. Ilimfunika, kisha ikamsukuma aseme kweli na kuwatetea waliodhulumiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo: Bwana aliingia nyumbani mwake kwanza, kisha yeye akasimama kurudisha mara nne alichonyang'anya.

Basi, ndugu, kama yuko kati yetu aliyekula mali ya yatima, au aliyemwacha mkewe na watoto bila chakula, asiseme, Mimi nimekwisha kupotea. Na aje. Lakini asije na maneno matupu. Akarudishe, akaombe radhi kwa aliyemdhulumu.

Nasi tuliokaa karibu na altare, tusimzuie mlangoni kwa macho yetu. Nanyi walimu, mtoto akikosa, mrudini kwa haki, lakini ajue jioni ile ile kwamba nafasi yake darasani ingali ikimngoja. Kwa ninyi atajifunza Mungu yu namna gani, kabla hajajua kusoma.

Mungu aliyetukusanya miaka hii yote atukusanye sote chini ya mbawa zake, aliyedhulumiwa na aliyetubu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.