Mbao za Tarishi wa Theluji

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za mtu aliyechonga mbao mbili kwa mikono yake mwenyewe, akazijaribu katika theluji nene, kisha kwa mbao hizo akawafaa watu wengi muda wa miaka 20.

Kwanza yafaa tujue theluji yenyewe ni kitu gani. Wenyeji wa Uchagani huiona juu ya Kibo, lakini ni wachache waliopata kuikanyaga. Theluji iliyoanguka sasa hivi si ngumu kama barafu. Ni laini kama unga, na kati ya chembe zake mmejaa hewa. Mtu akiingia humo kwa viatu tu, huzama hata magoti, na pengine hata kifua. Na akianguka, mkono wake haupati mahali pa kujitegemeza ili ainuke.

Dawa ya jambo hili ni hesabu ndogo. Tuseme mtu ana uzito wa ratili 180, na nyayo za viatu vyake viwili zina eneo la inchi za mraba 80. Basi kila inchi hubeba ratili 2 na robo. Sasa tumfungie miguuni mbao mbili, kila moja urefu wake futi 10 na upana wake inchi 4. Eneo la mbao zote mbili ni inchi za mraba 960. Hata tukiongeza ratili 25 za mbao zenyewe, kila inchi haibebi hata robo ratili. Uzito umetawanyika, na mtu huelea juu ya theluji kama mtumbwi juu ya maji. Mbao hizo huitwa skii, na watu wa Norwe wamezitumia tangu zamani sana.

Katika nchi hiyo ya Norwe, wilaya ya Telemark, alizaliwa mwaka 1827 mtoto aliyeitwa Jon Torsteinson Rue. Alipokuwa na umri wa miaka 10 akachukuliwa na jamaa zake kwenda Marekani, na huko akajulikana kwa jina la John Thompson. Mwaka 1851 akafika California, wakati watu walipokuwa wakiikimbilia dhahabu. Akachimba kwa muda, kisha akashika jembe, akawa mkulima katika bonde lisilo na theluji.

Mashariki ya bonde hilo imesimama milima mirefu iitwayo Sierra Nevada. Wakati wa baridi theluji huziba njia zote, na watu waliokaa ng'ambo ya pili hawakupata barua wala habari kwa miezi. Mwishoni mwa mwaka 1855 Thompson akasoma gazetini kwamba anatakiwa mtu wa kuvusha barua. Yeye akakumbuka mbao alizozitumia utotoni kwao. Wahenga walisema kweli: ujuzi hauzeeki.

Basi akakata mti wa mwaloni, akauchonga mbao mbili, akazipinda ncha za mbele zitazame juu. Mti ulikuwa mbichi, kwa hiyo mbao zikawa nzito, ratili 25 zote pamoja. Lakini angalieni alivyofanya baada ya hapo. Hakujitwika mfuko wa barua mara moja akaingia milimani. Alizipeleka mbao zake Placerville, mji ulio chini ya milima hiyo, akazijaribu huko mpaka akaamini miguu yake.

Na kujaribu huko si mchezo. Mtu akiegemea mbele mno katika theluji laini, ncha huzama na yeye huruka kichwa chini. Akiegemea nyuma mno, mbao humponyoka. Akipanda mlima moja kwa moja hurudi nyuma, hana budi kwenda mshazari. Thompson alishika gongo moja refu, akalilaza mbele yake kwa mikono miwili alipoteremka, mfano wa mtu apitaye juu ya kamba.

Mwezi wa Januari 1856 akaondoka. Kutoka Placerville hata Genoa ni maili 90. Akaenda kwa siku 3 na kurudi kwa siku 2. Baadaye mfuko wake ulipata kufika ratili 100. Hakuchukua blanketi wala bunduki. Chakula chake kilikuwa nyama kavu na biskuti.

Mwishoni mwa mwaka huo akamkuta mtu mmoja, jina lake James Sisson, amelala peke yake katika kibanda milimani, miguu yote miwili imeganda kwa baridi. Thompson akateremka Genoa usiku, akaleta watu na gari la kukokota thelujini, wakamchukua. Mganga akasema miguu haina budi kukatwa, lakini dawa ya usingizi haipo. Thompson akafunga tena mbao zake, akavuka milima hata California, akaileta dawa. Sisson akapona.

Ingefaa niseme kwamba alilipwa vizuri. Sivyo. Serikali haikumpa ujira wake wa haki. Mwaka 1872 alisafiri mpaka Washington kuudai, akarudi na ahadi tupu. Akafa tarehe 15 Mei 1876, na kaburini pake Genoa, jiwe limechongwa sura ya skii.

Sikuyasimulia haya ili mkachonge mbao za theluji mahali pasipo theluji. Lakini kijana anayejifunza kazi yo yote, awe seremala, mwalimu au mganga, ayashike mambo mawili. La kwanza, asidharau maarifa ya nyumbani kwao; huenda siku moja yakahitajiwa mbali sana. La pili, chombo alichokiunda akijaribu kwanza mwenyewe, mahali ambapo akianguka ataanguka peke yake, kabla hajabebeshwa amana za watu.