Kutafuta Hazina Katika Bushy Park
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, usiku wa kuamkia matembezi



Kamati imenitaka nieleze matembezi ya kesho, kwa kuwa baadhi ya wazee wameuliza kama ni mchezo wa watoto tu. Ni mchezo, nakubali. Lakini ndani yake mna jambo ambalo ukoo wetu unalihitaji sana, nami naomba ruhusa yenu nilifikie kwa utaratibu.

Mchezo huu unaitwa jiokashi. Mtu huficha kijisanduku chenye daftari, hupima mahali hapo kwa latitudo na longitudo, kisha huwatangazia wengine vipimo hivyo. Anayekipata huandika jina lake na tarehe. Akitoa kitu kilichomo, hutia kingine chenye thamani sawa au zaidi, kisha hukirudisha kijisanduku pale pale. Mchezo ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uliondolewa upotoshaji uliokuwa ukitiwa makusudi katika ishara za GPS wanazotumia raia. Kosa lililoweza kufika mita 100 likapungua mara moja. Siku ya pili yake, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo yenye daftari na vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Haikupita wiki ila ilikwisha kupatikana.

Vijana wataniuliza: chombo cha mkononi kinajuaje mahali tulipo? Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa umbali wa kiasi cha kilomita 20,000, na kila moja imebeba saa ya atomu. Chombo husikiliza setilaiti nne au zaidi, na kwa muda ambao ishara imechukua kusafiri hukadiria umbali wa kila moja. Saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, vipimo vitakosea mita 300. Sasa sikilizeni ajabu hii: saa ya kwanza ya atomu ya sesiamu iliyotegemewa kwa usahihi ilijengwa mwaka 1955 na Louis Essen na Jack Parry katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, ukingoni mwa kiunga kile kile tutakachokwenda kesho.

Bushy Park ni kiunga cha kifalme chenye hekta 445 hivi, jirani na kasri la Hampton Court. Mfalme Henry wa Nane alipalitwaa kasri hilo mwaka 1529, na hapa pakawa mahali pake pa kuwinda kulungu. Kulungu wangalipo hata leo. Mfalme Charles wa Kwanza aliamuru mfereji uchimbwe kuleta maji kutoka mto Colne, mwendo wa kilomita 19, na maji hayo ndiyo yanayopita katikati ya bustani za msituni, baina ya azalia na rododendroni. Kwa sababu pahala hapa panalindwa, na kijisanduku hakifichwi bila ya idhini ya wenye ulinzi, hatutaficha chochote wala kufukua chochote. Hazina zetu zitakuwa majibu. Kila kundi litapewa vipimo vya vituo sita, na katika kila kituo litasoma maandishi ya ukumbusho au kuhesabu nguzo, na tarakimu zitakazopatikana zitafunua vipimo vya kituo cha mwisho. Tafadhali wazuieni watoto wasiwakaribie kulungu. Yatakiwa kukaa mbali nao mita 50 kwa uchache.

Kituo kimoja nawaombeni msikipite kwa haraka. Karibu na lango la Hampton Wick pana ukumbusho wa fundi viatu, Timothy Bennet. Katika miaka ya 1750 njia ya watu kupita kiungani ilikuwa imefungwa, na msimamizi wa kiunga alikuwa mtu mkubwa, Earl wa Halifax. Mzee Bennet, umri wake ukiwa umepita miaka sabini, alisimama kuidai kisheria mpaka ikafunguliwa. Hakutaka kuiacha dunia ikiwa mbaya kuliko alivyoikuta. Njia ingalipo, nayo huitwa Njia ya Fundi Viatu.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka jana alitutoka bibi yetu mkubwa. Miezi michache baadaye, vijana wetu wawili, mmoja wa Maskati na mmoja wa London, walikwenda Pemba kuzuru makaburi ya wazee. Waliyakuta makaburi sita chini ya miembe, yote hayana maandishi. Wakamuuliza jirani, naye akawajibu kwamba aliyekuwa akiyajua ni bibi. Wakawaombea wote sita kwa pamoja, wakarudi. Kuomba kulikuwa kwema, lakini njia hiyo, ndugu zangu, imekwisha kuanza kufungwa.

Mcheza jiokashi yeyote atawaambieni kwamba vipimo humfikisha mtu hatua chache tu kutoka kwenye hazina. Hatua za mwisho zahitaji kidokezi cha yule aliyeificha: tazama nyuma ya gogo, tia mkono chini ya jiwe la tatu. Chombo twanacho, na kila kijana hapa anacho mfukoni. Vidokezi wanavyo wazee wetu, tena wachache waliobaki.

Kwa hiyo kamati imepanga kila kundi kesho liwe na mzee mmoja, vijana wawili na watoto, wasiotoka nchi moja. Na naleta pendekezo. Kila nyumba, kabla ya mkutano ujao, imkalie mzee wake na kuandika habari za mahali patatu: kisima, kiwanja cha nyumba na kaburi. Atakayekwenda nyumbani achukue vipimo; mzee atoe kidokezi, hata kwa simu. Yote yaandikwe katika daftari moja la ukoo, na kila atakayefika mahali hapo atie jina lake na tarehe.

Tukutane kesho saa nne asubuhi langoni Teddington. Vaeni viatu vya kutembelea, na kila mzee aje na fimbo yake na kumbukumbu zake.