Tangawizi Kavu Nyumbani na Katika Duka la Chama

Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Ufukoni, Mtwara



Mimi ni mkaguzi wa mahesabu, si mganga. Lakini tangawizi kavu imo katika kila nyumba hapa Ufukoni, nasi twaipata kwa wakulima wa mbali, wa Same na wa Madaba.

Wazee wetu huitwanga kinuni, wakaichemsha kwa ajili ya kikohozi, mafua, tumbo lililojaa na kichefuchefu. Katika kichefuchefu wataalamu wa leo wamewaunga mkono, hata kwa mama mjamzito, ingawa yafaa amwulize mkunga kwanza. Wasemao kwamba iliyokaushwa ni kali kuliko mbichi nao hawakukosea. Kijiko kidogo cha unga chatosha kikombe. Kuzidisha ni kujitafutia kiungulia.

Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kikombe cha tangawizi kisimcheleweshe. Atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ukungu. Hewa ya pwani hii ina unyevu, na mvua za Desemba hadi Aprili haziachi gunia salama. Ukungu waweza kuzaa sumukuvu, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Katibu hapokei korosho mbichi ghalani. Mbona dukani apokea tangawizi yenye madoa ya kijani? Chama kinunue vipande vizima, si unga. Kilichokauka huvunjika kwa mlio, chenye unyevu hupinda. Basi katibu avunje kipande kutoka kila gunia kabla ya kutia sahihi hati ya mapokezi.